Mnyororo Ndani ya Mbuyu

Katika ua wa misheni ya Bagamoyo upo mbuyu ambao mapadri wa Roho Mtakatifu waliupanda mwaka 1868, mwaka ule ule walipovuka kutoka Unguja kuja kufungua makao yao ya kwanza bara. Chini ya shina lake chatokeza kipande cha mnyororo wa chuma. Kilichobaki kimemezwa na mti. Mgeni anapofika hapo hana haja ya kuelezwa kitu. Amekwisha soma kwamba Bagamoyo ni mji wa utumwa, na kwake yeye mnyororo ni mnyororo. Huinamisha kichwa, hupiga picha, akaondoka na huzuni yake.

Kumbe mnyororo ule, kama wanavyosimulia wenye misheni wenyewe, ulikuwa wa punda. Madame Chevalier, bibi aliyekuwa akiendesha zahanati Unguja kabla ya kuja Bagamoyo kuwasaidia mapadri, ndiye aliyeuzungusha mtini ili mnyama wake asipotee. Bibi akaondoka, punda akafa, na hapana aliyejali kuufungua. Mti ukanenepa juu ya chuma mwaka baada ya mwaka. Wapo waongozaji wa wageni ambao husema kweli tangu mwanzo, na wapo ambao kwanza humwacha mgeni ahuzunike kidogo, kwani huzuni nayo ina bei yake.

Kisa hiki kidogo ndicho kipimo cha kazi yote ya wale ambao, bila ya kuajiriwa na chuo wala idara, wamejipa kazi ya kuitafuta historia ya Bagamoyo katika saa za mapumziko yao. Wapo wengi kuliko wanavyodhaniwa. Yupo mwalimu mstaafu anayenakili maandishi ya makaburini kabla ya chokaa kumomonyoka. Yupo seremala ambaye kwa kuutazama tu upau wa juu wa mlango atakwambia nakshi hii ni ya mkono wa Kihindi na ile ni ya Kiarabu. Yupo kijana anayezunguka na simu yake akiwarekodi wazee baada ya sala ya alasiri. Kiswahili kina neno uraibu, ambalo asili yake ni mambo ya tambuu na tumbaku, vitu ambavyo mtu akishavizoea siku haimpiti bila ya kuvionja. Hapana neno lililo sahihi zaidi kwa maradhi haya.

Na hii si ada mpya. Ukiwahesabu waliouandika mji huu katika miaka mia na hamsini iliyopita, utaona kwamba takriban wote walikuwa na kazi nyingine. Wa kwanza wao, na hadi leo aliye mbele ya wote, ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa Dunda, aliyezaliwa yapata mwaka 1869. Alisoma elimu ya dini Bagamoyo, akawa mwalimu, kisha akaingia katika kazi ya kukusanya kodi ya Wajerumani, kazi ambayo haimpatii mtu marafiki. Hakuna aliyemwita mwanahistoria. Lakini alikuwa na jicho la kuona kile ambacho wenziwe walikiona kila siku wasikitie maanani, na alikuwa na kalamu.

Fursa ilimjia kwa njia ya Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani katika Afrika ya Mashariki baina ya mwaka 1893 na 1896. Velten aliwataka Waswahili waandike wenyewe, kwa lugha yao, khabari za nchi yao. Kwa njia hii yakapatikana maandishi ya Safari za Wasuaheli, yaliyochapishwa mwaka 1901, ambamo Mtoro ameeleza safari yake ya Udoe na Uzigua, na ambamo yumo Selemani bin Mwinyi Chande na khabari zake za bara, na Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia akifuatana na Mjerumani. Miaka miwili baadaye, 1903, huko Göttingen, kikatoka kitabu kikubwa zaidi, Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro. Wakati huo mwenyewe alikuwa Berlin, mahali alipokwenda mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki.

Mtu asiyekifahamu kitabu hicho angedhani ni orodha ya mila, kama walivyoandika wageni wengi: Waswahili hula hivi, Waswahili huoa hivi. Sivyo. Mtoro anamfuata mwanadamu tangu mimba hadi sanda, na njiani anaingia kila nyumba. Anajua mkunga hufanya nini na mtoto huchezea nini. Anazijua ngoma na nani huruhusiwa kuzicheza, na pepo na nani huwapunga. Anavijua vyeo vya mji, jumbe na shaha na waziri na amiri, na kila kimoja hupatikana kwa karamu ya namna gani. Maana cheo katika miji ya Mrima hakikutolewa bure, kilinunuliwa kwa wali na nyama na kwa kuvumilia maneno ya watu. Anaeleza jinsi kijana wa pwani anavyokopa bidhaa kwa Mhindi na kuingia nazo bara kutafuta pembe, na jinsi deni lile linavyoweza kumgeuza akae huko huko asirudi tena. Vipande hivi vya biashara ni miongoni mwa vilivyo bora, kwani havikuandikwa na mtu aliyesoma biashara vitabuni. Viliandikwa na jirani wa waliokopa.

Tuseme basi kwamba uzuri wa kazi ya Mtoro unatokana na kukaa kwake barazani. Na hapo hapo ndipo panapotokea upungufu wake. Baraza ina upande mmoja. Anapoandika juu ya watumwa, anaandika kama mwungwana: anafafanua tofauti ya mjinga, yaani mtumwa aliyeletwa karibuni asiyejua lugha wala adabu za pwani, na mzalia aliyezaliwa nyumbani kwa bwana, anaeleza mtumwa huvaa nini, huamkia vipi, hukaa wapi. Yote hayo ni khabari za thamani. Lakini mtumwa mwenyewe hasemi. Anasemwa. Mpenzi wa historia anayekisoma kitabu hiki leo, hasa ikiwa babu zake walikuwa wenye baraza, hana budi kusoma pia ule ukimya. Na Bagamoyo ukimya huo ulidumu kuliko wengi wanavyokumbuka, kwani Wajerumani hawakuufuta utumwa katika koloni lao. Walichofanya ni kuamuru mwaka 1904 kwamba watoto watakaozaliwa tangu mwanzo wa 1906 wawe huru. Aliyeufuta kwa sheria katika Tanganyika ni Mwingereza, mwaka 1922. Wazee waliozaliwa na wazazi wenye kukumbuka mambo hayo waliishi mpaka karibuni, na wengi walifariki bila ya kuulizwa.

Hapa ndipo linapoingia suala la jina, ambalo ndilo mchezo unaopendwa kuliko yote na wanauraibu wa Bagamoyo. Kwamba asili yake ni kubwaga moyo, wote wamekubali. Ugomvi uko katika maana. Maelezo yanayochapishwa kwa ajili ya wageni husema kwamba ni kilio cha mtumwa: bwaga moyo wako hapa, kwani ukishavuka bahari hurudi tena. Wengine husema ni pumziko la mpagazi, aliyetembea miezi mingi na pembe begani, akaiona bahari, akatua mzigo na kuutua moyo pamoja nao.

Anayejua Kiswahili hana haja ya kwenda mbali. Kubwaga ni tendo la mwenye mzigo. Mtu hubwaga kuni, hubwaga gunia, na akishabwaga hushusha pumzi. Mfungwa hana cha kubwaga, mzigo wake uko shingoni na ufunguo uko kwa mwingine. Tena waliouingia mji huu kwa wingi zaidi walikuwa wapagazi, hasa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na ambao waliujaza mji kila msimu kwa maelfu yao hata wenyeji wakawa wachache kuliko wageni. Bandari iliyotoa watumwa wengi zaidi wa kwenda ng'ambo ilikuwa Kilwa, iliyopokea misafara ya upande wa Ziwa Nyasa. Bagamoyo ilikuwa kwanza bandari ya pembe. Haya yameelezwa na wenye taaluma, akiwemo Walter Brown aliyeandika tasnifu yake juu ya Bagamoyo ya kabla ya ukoloni mwaka 1971.

Lakini mwenye kushinda hoja aangalie asishinde kupita kiasi. Watumwa walipita Bagamoyo, na walikaa Bagamoyo. Baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa 1873 wa kukataza biashara ya watumwa baharini, misafara iligeukia nchi kavu, ikawa inawatembeza watu kutoka kusini kwa njia ya pwani kuelekea Pangani na kaskazini, mpaka alipoipiga marufuku njia hiyo nayo mwaka 1876. Mashamba ya minazi ya mji wenyewe yalilimwa na mikono isiyolipwa. Na mapadri walipofungua misheni, kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwakomboa watoto na kuwajengea kijiji. Mwenyeji anayesema kwa furaha kwamba mnyororo ulikuwa wa punda, kisha akaongeza kwamba kwa hivyo minyororo mingine haikuwapo, amekuwa mwongo zaidi kuliko mwongozaji aliyemdanganya mgeni.

Kwa upande wa kusini, mwendo wa kilomita tano hivi, kuna Kaole. Huko uraibu hubadilika sura, kwani hakuna mzee wa kuulizwa wala mlango wa kutazamwa. Kuna misikiti miwili ya mawe ya matumbawe iliyobaki kuta, kuna makaburi, mengine yenye mnara, na kuna mikoko pale palipokuwa na bandari. Neville Chittick, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa Tanganyika, alipachimba mwaka 1958 na akauweka msikiti mkongwe katika karne ya 13. Kipimo chake kilikuwa vigae. Bakuli la China huvunjika, likatupwa, likafunikwa. Juu yake likaja la zama nyingine. Anayejua bakuli lilichomwa lini China atajua ukuta uliokaa juu yake haukuwapo kabla ya hapo. Katika minara ya makaburi ya pwani hii bakuli kama hizo zilipachikwa kwa mapambo, na msafiri anayeshuka mpaka Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, ataona makaburi ya zama za karibu zaidi yaliyopambwa kwa sahani za namna hiyo, au mashimo yake, kwani sahani nyingi zilibanduliwa na wenye mikono myepesi.

Na hapa linafaa neno la kuwalaumu wapenzi wa historia wenyewe. Maji yakipwa Kaole, kigae cha buluu na cheupe huonekana kimelala juu ya mchanga kama kimewekwa makusudi. Kukiokota ni raha isiyoelezeka. Kukitia mfukoni ni kuung'oa ukurasa katika kitabu ambacho kina nakala moja tu, maana kigae kilichohama mahali pake hakimwambii mtu kitu isipokuwa kwamba ni kizuri. Kuna kabati za watu wema, wenye mapenzi ya kweli na mji wao, ambazo zimejaa kurasa za namna hiyo.

Waongozaji wa Kaole wana hadithi zao: kisima ambacho maji yake hayakauki, wapenzi wawili waliozama na kuzikwa pamoja, mbuyu wa kuzungukwa kwa ajili ya umri mrefu. Mwanachuo atacheka. Lakini lipo pia kaburi la Sharifa, na huko watu bado huenda kuomba dua na kuacha sadaka, si kwa ajili ya mgeni wala tikiti. Hiyo si hadithi. Ni historia ambayo haijamalizika, na wala haikuhitaji karne ya 13 ya Chittick ili iendelee. Uzuri ni kwamba elimu nayo haikusimama kwa Chittick. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika tasnifu yake ya mwaka 1994 na kazi zilizofuata, ameonesha kwamba pwani hii ilikaliwa na wakulima waliofua chuma na kufinyanga vyungu karne nyingi kabla ya jiwe la kwanza la msikiti. Waliokuwa wakiuliza Kaole ilijengwa na wageni gani wakajikuta wameulizwa swali jengine.

Mashomvi, wenyeji wa miji hii, wao wana jibu lao la zamani. Husimulia kwamba asili yao ni Barawa, na kwamba Wakamba walipowashambulia waliomba msaada kwa Pazi wa Wazaramo. Pazi akawafukuza Wakamba, na tangu siku hiyo Wazaramo wakawa na haki ya kushuka pwani na kupokea ada iliyoitwa kanda la pwani. Kama kila kitu katika hadithi hiyo kilitokea kama inavyosimuliwa, Mungu ndiye ajuaye. Lakini ada ilitolewa kweli, na misafara iliyopita iliijua kwa kuilipia. Hadithi kama hiyo ni hati ya haki zaidi kuliko khabari ya vita: yaeleza nani anastahili nini. Steven Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 2019 juu ya Bagamoyo, amefuatilia jinsi watu wa asili mbalimbali kabisa, Mashomvi na Wazaramo, Wahindi na Waarabu, Wanyamwezi na watumwa wa zamani, walivyogombea haki za namna hii mpaka wakawa watu wa mji mmoja.

Misheni ilikuwa na waandishi wake. Mapadri waliandika shajara kwa Kifaransa. Mvua, homa, ubatizo, tufani ya Aprili 1872 iliyoangusha majengo yao na kuiharibu Unguja. Miongoni mwao alikuwapo Charles Sacleux, aliyefika pwani mwaka 1879 na kukaa takriban miaka ishirini baina ya Unguja na Bagamoyo. Kazi yake ilikuwa upadri. Uraibu wake ulikuwa mimea na maneno, na vyote viwili alivikusanya kwa namna moja: akikiona kitu alikiandika kilipoonekana, na kwa lahaja ya nani. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris baina ya 1939 na 1941, alipokuwa mzee sana. Anayetafuta neno la Kimrima ambalo bibi yake alilisema na hakuna tena anayelisema, aghalabu atalikuta humo, limekaa kimya likimsubiri. Pengine hiyo ni historia ya Bagamoyo iliyo kamili zaidi ya zote, ijapokuwa imepangwa kwa alfabeti.

Vitabu vya Wazungu vilivyojaa khabari za mji vina mizani ya ajabu. Takriban kila kimoja kinaeleza kwamba usiku wa tarehe 4 Disemba 1889 Emin Pasha, aliyefikishwa pwani na Stanley baada ya safari ya mashaka, alianguka kutoka ghorofani katika karamu ya kumkaribisha na akavunjika, kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu. Tunajua chakula kililiwa, tunajua daktari nani alimtibu. Lakini Februari 1874 waliingia mjini humo humo watu wapatao sitini wamebeba maiti ya Livingstone, waliyoichukua tangu Chitambo kwa miezi tisa, na majina ya wengi wao yanajulikana kwa wachache tu. Maiti ililazwa misheni, ikavushwa Unguja, ikazikwa London mwezi wa Aprili. Jacob Wainwright alikwenda nayo. Susi na Chuma, waliouongoza msafara ule, waliachwa nyuma. Walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882 na Susi akamfuata mwaka 1891, hapo hapo Unguja. Mwanauraibu wa kisiwani anayetaka kazi hana haja ya kuvuka bahari.

Vita vya 1888 navyo vilipata mwandishi upande wetu. Kampuni ya Kijerumani ilipokuja kupandisha bendera yake Agosti ya mwaka huo, Mrima wote ukachafuka. Bagamoyo ilishambuliwa na kupigwa mizinga ya meli mwezi wa Septemba, na Abushiri bin Salim, baada ya kupigana mwaka mzima, akanyongwa Pangani Disemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliyaweka hayo katika utenzi wake wa vita vya Wadachi, nao ni ushahidi wa mtu wa pwani hii wa zama zile zile. J.W.T. Allen aliutafsiri. Ni Allen huyo huyo aliyetumia miaka mingi kukusanya miswada ya Kiswahili majumbani mwa watu, na ambaye tafsiri yake ya Kiingereza ya Desturi ilitoka mwaka 1981, miaka miwili baada ya kufa kwake. Kaskazini, Bwana Heri wa Saadani alishikilia vita mpaka 1890. Saadani iliyoshindana na Bagamoyo kwa misafara leo ni kijiji ndani ya hifadhi ya wanyama.

Bagamoyo yenyewe ilikuwa makao makuu ya koloni mpaka 1891, kisha serikali ikahamia Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Boma la Bagamoyo lilijengwa 1897, wakati utukufu umekwisha kuondoka. Mwaka huo huo alifariki Sewa Haji, mfanyabiashara aliyekuwa akiandaa misafara, ambaye mwaka mmoja kabla alitoa shule ya ghorofa kwa sharti kwamba isibague dini wala rangi. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mpagazi hakuhitajika tena. Umasikini ndio uliouhifadhi mji. Hapakuwa na fedha za kuvunja na kujenga upya.

Hifadhi hiyo ya umasikini haiaminiki. Mwaka 2006 Tanzania iliitia njia ya kati ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, na Bagamoyo ikiwa mlango wake. Mwaka 2013 ikatiwa saini khabari ya kujenga bandari kubwa na Wachina huko Mbegani, baina ya mji na Mlingotini, na mwaka 2019 mazungumzo yakakwama, halafu baada ya 2021 yakasemwa tena. Watu waliuza viwanja, wakangoja. Katika kungoja huko nyumba za mawe ziliendelea kuanguka moja moja, kwani nyumba ya matumbawe na boriti za mikoko ikiachwa na paa bovu kwa misimu michache ya masika huyeyuka kama sukari. Milango ndiyo hutangulia kuondoka. Huuzwa usiku, na asubuhi huwa pana uwazi uliozibwa kwa mabati. Sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964, lakini sheria haikai mtaani. Anayekaa mtaani ni yule mwenye daftari, ambaye anao mlango ule kwa picha, kwa vipimo, na kwa jina la aliyeuchonga ikiwa mjukuu wa fundi analikumbuka.

Ni kwa ajili ya huyo mwenye daftari kwamba khabari ya mwisho wa Mtoro haifai kuachwa. Huko Berlin alimwoa Bertha Hilske mwaka 1904. Mwaka uliofuata aliiacha kazi yake katika ugomvi uliohusu heshima ya mwalimu mweusi mbele ya wanafunzi weupe, akapanda meli na mkewe kurudi kwao. Meli ilifika pwani yetu. Serikali ya kikoloni, ambayo haikutaka kuona Mwafrika akitembea na mke wa Kizungu katika miji yake, ikawakatalia wasikae nchini, nao wakarudishwa Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg, akipokewa na Carl Meinhof, kisha akaishi kwa kutoa mihadhara, na mwaka 1927 akafariki Berlin. Hakuiona Bagamoyo tena.

Kitabu chake kimekuwa na bahati kuliko yeye, lakini si Bagamoyo. Matini ya Kiswahili ilichapishwa Göttingen; Lyndon Harries alichagua sehemu za maandishi yaliyokusanywa na Velten na kuzitoa mwaka 1965 pamoja na Kiingereza; Allen akakitoa kwa Kiingereza California. Dunda leo ni jina la kata mjini Bagamoyo. Mtoto wa huko anayetaka kujua babu wa babu yake alichezea nini jioni, na aliambiwa maneno gani siku ya kutolewa jandoni, atapata maelezo yake yote, yameandikwa na mtu wa mtaa wake kwa lugha yake, ikiwa kwanza atapata mtu wa kumtafutia nakala Ulaya.